Neno Alilonibandika Jirani

Neno lenyewe ni "peevishly". Ukilitamka, midomo inabana kwanza, halafu pumzi inapita kwenye meno kama ya mtu anayetema mbegu ya chungwa. Nilikaa nalo karibu msimu mzima wa mvua kabla ya kujua maana yake, na aliyenificha maana hiyo ni mtu yule yule ambaye maisha yangu yote ndiye aliyenipa maana za maneno.

Nilimwita jirani, naye aliniita jirani. Kwetu, magharibi, boma lao na boma letu yalitenganishwa na ua mmoja wa michongoma, na ua huo ulikuwa na tundu walilopitia mbwa, kuku na sisi wawili. Tulianza shule siku moja. Mimi niliacha nikiwa darasa la nane, kabla ya mtihani, baba alipokufa. Yeye aliendelea hadi chuo kikuu, na sasa anafundisha Kiingereza kwenye chuo kimoja cha mjini na kuandika hadithi. Anakaa Woodley, katika nyumba mojawapo ya zile za zamani zenye dohani na ua wa kayaba. Mimi nimekaa kila mahali. Nimepaka rangi, nimelinda mageti, nimekata nyasi Loresho, nimeuza miche kando ya Waiyaki Way, nimepanga viti vya harusi na vya matanga. Nikishazoea kazi, miguu huanza kuniwasha. Watu wa nyumbani husema ni kukosa akili. Mimi naona ni njaa, ila si ya tumbo. Nataka kujua nyuma ya kila geti kuna nini.

Maneno pia yana mageti. Kati yangu na jirani palikuwa na desturi moja. Nikikutana na neno la Kiingereza nisilolijua, kwenye gazeti lililofungiwa nyama, kwenye bango, kwenye mdomo wa tajiri wangu, nililibeba hadi Woodley nikaketi kwenye kidato cha mlango wa jikoni. Yeye hakuwahi kunipa maana kavu. Alinipa mtu. Siku nilipomletea "reluctant" alisema, "Unamkumbuka fahali wa babu yangu, siku ya kumvusha mto?" Basi nikalijua hadi leo. "Frugal" alikuwa mama mmoja wa soko la kwetu aliyepasua kijiti cha kiberiti kwa wembe ili kiwake mara mbili.

Utaniuliza, na simu? Simu ninayo. Ningeweza kuliandika neno pale nikapata jibu kabla sijafunga mdomo. Lakini kuuliza simu ni kama kula umesimama jikoni, peke yako. Neno la jirani lilikuja na chai, likaja na mtu, na mara nyingine likaja na mto mzima wa kwetu.

Sasa lazima niseme habari ya firigisi, maana bila hiyo neno hili halinihusu.

Kwetu kuku haliwi ovyo. Vipande vina wenyewe, na firigisi ni ya baba mwenye boma. Mtoto haigusi, hata kwa kuonja tu. Watu wa makabila mengine Nairobi hutucheka sana kwa jambo hili, na sisi wenyewe hucheka nao, kwa sababu kusema kweli ni kinyama kidogo, kigumu, kisichojaza kiganja. Siku tuliyomzika baba, jioni, mama alipakua chakula cha watu wa nyumbani. Nilikuwa nimevaa shati la shule, lile la samawati, kwa kuwa ndilo pekee lililokuwa safi. Mama akawapita wajomba, akawapita baba wadogo, akaja na kijiko chake akaweka firigisi kwenye sahani yangu. Mpaka hapo nilikuwa nimeliona jeneza, nilikuwa nimetupa udongo, lakini moyo ulikuwa bado unamsikiliza baba akikohoa nje. Nilipoiona ile nyama ndipo nilipoamini. Niliitafuna nikilia, na firigisi, kama unavyojua, haiishi haraka. Jirani alikuwa ameketi nyuma yangu. Alikuja kupitia kwenye tundu la ua. Jumatatu yeye alikwenda shule na mimi sikwenda.

Miaka mingi ikapita. Mdogo wangu akasoma, akapata kazi ya ofisi, akahamia Loresho kwenye nyumba yenye ngazi ndani. Mama alipokuja kumtembelea mara ya kwanza, niliitwa kutoka Uthiru, nilikokuwa nimekodi chumba. Ni mwendo wa miguu tu. Nilifika viatu vimepigwa brashi. Mama alikuwa amesafiri na jogoo wa kienyeji kwenye kikapu usiku kucha, na alimpika mwenyewe, akamfukuza mke wa mdogo wangu kutoka jikoni mwake. Tukaketi. Mkono wa mama ukaja upande wangu na kijiko, ukasita juu ya sahani yangu, ukaendelea. Firigisi ikatua kwa mdogo wangu.

"Mama," nikasema, "hiyo ni yangu."

"Mwenye nyumba ni huyu," mama akajibu. Hakuniangalia.

"Bro, chukua tu," mdogo wangu akasema, akiisukuma kwa uma hadi ukingoni mwa sahani. "Hata mimi sikulangi hizo vitu."

Mke wake akacheka, si kwa ubaya. "Aki shemeji, ni firigisi tu. Kuna zingine kwa fridge, paketi mzima. Nikukaangie?"

Ni kweli, siku hizi supamaketi huuza firigisi kwa paketi, firigisi za kuku ambao hawakuwa na boma wala baba. Nilisimama. Nilimwambia mama kwaheri, nikateremka hadi Waiyaki Way nikiwa na harufu ya mchuzi kwenye shati, na sikuwa nimeonja hata tonge.

Watu wa pwani wana msemo niliouokota nilipokuwa nikibeba mizigo huko: ukisusa, wenzio wala. Nilijua walikuwa wanakula. Lakini sikuwa nimesusa nyama. Mama ndiye aliyenivisha cheo cha baba nikiwa na shati la shule, na sasa alikuwa amenivua mbele ya watu, kwa kijiko kile kile, kwa sababu sina nyumba.

Haya yote nilimweleza mtu mmoja tu duniani. Ilikuwa alasiri, kwenye kile kidato cha Woodley. Nilimweleza kijiko kilivyosita, nikamweleza paketi za friji, tukacheka kidogo hapo, kisha nikafika kwenye shati la samawati nikashindwa kuendelea. Yeye akamalizia, kwa kuwa alikuwapo. Akanishika bega.

"Jirani," akasema, "hiyo si nyama walikunyang'anya."

Macho yake yalikuwa na maji. Nilirudi Uthiru nikalala usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Yeye ndiye aliyenitafutia kazi ya viti baadaye. Ni ukumbi ulio juu ya maduka, katikati ya jiji, ambao watu hukodi kwa mikutano, maombi, sherehe za kuhitimu, chochote. Kazi yangu ilikuwa kupanga viti, kuvivisha vitambaa na kuvivua. Jumamosi haikuwa zamu yangu, na yeye alilijua hilo. Lakini Jumamosi moja mwenzangu alikuwa na ubatizo wa mtoto, nikamshikia zamu. Nikaambiwa kuna watu wa hadithi wanakuja kusomeana. Nikapanga viti kwa nusu duara kama walivyotaka, nikasimama nyuma karibu na mtungi wa chai. Msomaji wa tatu alikuwa jirani.

Nilifurahi hata nikatafuta wa kumwambia, yule ni mtu wetu. Sikumpungia mkono, sikutaka kumbabaisha. Akaanza kusoma, Kiingereza kizuri, kinachoteleza. Nyumba ya kilimani yenye ngazi ndani. Mama mgeni na jogoo wake kwenye kikapu. Nikatabasamu. Nikafikiri, ameibeba hadithi yangu mbele za watu wenye miwani na pochi, kama mtu anayembeba ndugu mgonjwa mgongoni.

Kijiko kikasita. Watu wakacheka. Hapo sikujali. Paketi za friji zikatajwa, ukumbi ukapasuka, na nilicheka nao, kwa kuwa sehemu hiyo inachekesha. Kisha nikalisubiri shati la samawati. Nilisimama wima kabisa, maana nilijua pale watanyamaza. Shati halikuja. Yule mtu wa hadithi hakuwa na baba aliyekufa. Hakuwa na shule aliyoiacha. Alikuwa na tumbo na shingo ngumu, basi. Akafika pale mtu yule anapomwambia mama yake kuwa ile ni yake, na jirani akainua macho kwenye karatasi, akavuta pumzi, akaongeza: "he said peevishly." Mama mmoja wa mstari wa mbele alipiga paja lake kwa kicheko.

Neno hilo sikulijua. Hivyo ndivyo nilivyo mimi: mtu amenichoma kwa kisu, na kitu cha kwanza nilichotaka kujua ni jina la kisu. Nilipitia mlango wa nyuma, nikavunja vikombe viwili njiani, na sikurudi mpaka wakati wa kuvua vitambaa.

Jumapili nilikwenda Woodley. Sikumwambia nilikuwa ukumbini. Labda nilitaka kumpa nafasi. Alikuwa anamimina chai.

"Jirani," nikasema, "peevishly ni nini?"

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Nimesikia mtu akisoma."

Aliendelea kumimina. Mkono haukutikisika, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. "Ni kusema na uchungu," akasema. "Ile uchungu ya ndani, yenye mtu hawezi kuonyesha watu."

Nikasubiri. Nilisubiri anipe mtu. Unamkumbuka fulani, siku fulani. Alinipa sukari. Siku hiyo nilipata maana bila mtu kwa mara ya kwanza, na nilipaswa kushtuka hapo hapo, lakini furaha ilinijaa haraka mno. Kumbe alikuwa ameandika uchungu wangu! Aliliacha shati nje, sawa, labda hadithi zina vipimo vyake kama nguo, lakini uchungu alikuwa ameuweka, wote, ndani ya neno moja. Waliocheka ni watu wa jiji wasiojua mambo yetu. Nilishuka Ngong Road nikiwa mwepesi kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba ni malaria tu.

Nikaanza kulitumia. Neno jipya ni kama koti jipya, hulitundiki. Nilijiambia kimoyomoyo kwamba mlinzi wa jengo letu, aliyefiwa na mtoto, anaongea peevishly. Nilimsikia mhubiri wa uwanjani akimlilia Mungu na nikamhesabu humo. Kisha nikatumwa Mtaa wa Biashara kununua vitambaa vya viti.

Duka tulilonunulia vitambaa ni la Wahindi, baba na mama wazee, na nilikuwa nimewazoea. Mzee alikuwa akikaa kwenye stuli karibu na mlango, juu ya mto mdogo wa kukalia. Safari hii stuli ilikuwa tupu na mto ulikuwa bado juu yake. Sikuhitaji kuuliza.

"Pole sana, mama," nikasema.

"Asante." Alikuwa anapima kitambaa kwa mita ya chuma. "Kila asubuhi mimi nafungua duka, naangalia hii kiti. Nafikiri sasa atasema, hapa haifagiwi muzuri. Hapana sema."

Nilitaka kumpa kitu cha heshima. Kitu kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo ni lile neno. Nikamwambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba namsikia anavyosema peevishly.

Mita ikasimama.

"Wewe nasema mimi peevish?"

"Mama, nina maana ya uchungu. Uchungu wa ndani."

"Nani nafundisha wewe hii?"

"Mwalimu."

"Mwalimu gani?" Aliweka mita chini. Hakuwa amekasirika, alinitazama kama mtu anayemwona mwenzake amevaa shati ndani nje. "Sikia. Peevish ilikuwa mzee yangu. Chai baridi kidogo tu, peevish. Gazeti nakuja chelewa, peevish. Hii mto nasonga hivi," akanionyesha nafasi ya ukucha, "peevish mpaka jioni. Nyumba mzima natembea pole pole. Mimi nakosa hiyo sauti sana, lakini ile sauti ilikuwa ya mto, ya chai. Kitu dogo. Mimi nalia mzee yangu. Hii si peevish. Hii ni ingine."

Akanikunjia kitambaa changu, akanipa na glasi ya maji, maana bila shaka uso wangu ulikuwa umebadilika.

Nilitoka nikasimama barazani pa duka la pili, la muuza vifungo, nikatoa simu. Simu ikasema alivyosema mama yule, ila bila mzee wala mto: kwa namna ya mtu anayeudhika na vitu vidogo, kama mtoto, kama mgonjwa asiyeridhika. Nikaisoma mpaka kioo kikazimika.

Mtu mwingine angekwenda Woodley siku hiyo hiyo kugonga mlango. Mimi nilizunguka na neno. Nilitaka kulijua mpaka mifupani, labda nitaona pahali ambapo nilikosea kumhukumu mwenzangu. Uthiru ninakokaa kuna mama anayepika chapati kando ya njia, na asubuhi huwa tumemzunguka, wengi watu wa mjengo.

"Mama," nikamuuliza, "mtu anayekasirika juu ya kitu kidogo, mnamwitaje?"

"Huyo ni msichana wangu," akadakia kijana mmoja wa kupiga plasta.

"Ni wewe," mama chapati akamjibu. "Jana nani alipiga kelele hapa ati chapati imeungua upande moja?"

"Mathe, hiyo si kitu kidogo. Hiyo ni chapati!"

Wakacheka, na nikacheka. Wakaanza kunipa maneno. Mmoja akasema kununa. Mwingine, ambaye mkewe ni wa Malindi, akasema kususa, akaeleza kuwa mkewe anaweza kususa kuanzia Jumatatu kwa sababu ya kanga. Mama chapati akasema ana mkwe mwenye kisirani, akisalimiwa baada ya mwingine siku imeharibika. Niliyapima yote. Kununa ni uso, lile la Kiingereza ni sauti. Kususa kuna kuondoka, na mimi niliondoka, hilo nakubali. Lakini mtu husema nimesusa, nimenuna, hata akajisifu. Hakuna mtu nimewahi kumsikia akisema, mimi hapa naongea peevishly. Neno lile huwa halivaliwi na mwenyewe. Unasema maneno yako, umeyamaliza, umeyafunga, halafu mwingine anakuja nyuma anakubandika mgongoni kama watoto wa shule wanavyobandikana karatasi, nawe unatembea mji mzima bila kujua watu wanacheka nini.

Na aliyenibandika alikuwa nyuma yangu siku ile ya mazishi. Kila nilipozunguka, hapo ndipo nilipofikia. Mhindi wa Biashara angeniita hivyo, ningesema hajui. Mke wa mdogo wangu amezaliwa mjini na firigisi kwake hutoka kwenye friji. Yeye pia nilikuwa nimemsamehe zamani. Hata mama alikuwa na hesabu zake za mwenye nyumba na asiye na nyumba. Lakini jirani alijua uzito wa kile kinyama kama ninavyoujua mimi. Alikiona kikiwekwa.

Wiki hiyo akanipigia simu. Msimamizi wa ukumbi alikuwa amemtajia, katika kumsifia mpangilio wa viti, kwamba siku ya hadithi nilikuwa zamu.

"Jirani, sasa?"

"Poa."

"Kuja Jumapili tule."

Nikaenda. Geti lilikuwa wazi, na harufu ilinipokea kwenye ua wa kayaba: kuku wa kienyeji, aliyechemshwa kwanza kisha akakaangwa, kama kwetu. Jirani si mtu wa kupika. Nilimkuta na aproni, uso umemtoka jasho, amekwisha songa ugali. Tulinawa. Hakuniketisha kwenye kidato cha jikoni bali mezani, kwenye kiti chake. Akaja na kisahani kidogo peke yake, akakiweka mbele yangu. Ndani yake mlikuwa na firigisi, imekatwa chale safi, mchuzi umemwagwa juu.

"Hii ni yako," akasema.

Sikuigusa. "Neno lile nimelipata maana," nikasema.

Akakaa. "Jirani, ile ni story tu. Yule si wewe."

"Paketi za fridge si mimi?"

"Mtu anaandika anachukua hapa na pale."

"Na lile shati ulichukua ukapeleka wapi?"

Akapangusa mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja. "Ningeweka matanga, hakuna mtu angecheka. Wale hawajui hizi vitu zetu. Ilibidi wacheke kwanza ndio waskize."

"Lakini wewe unajua."

"Najua."

"Ulikuwa umekaa nyuma yangu."

"Nilikuwa."

"Sasa mbona ukaweka hiyo neno?"

"Sentensi ilikuwa inataka kitu pale mwisho," akasema. Na nafikiri hilo ndilo lilikuwa la kweli kuliko yote aliyosema siku hiyo.

"Na mimi nilipokuuliza?"

"Ulikuwa umenikalia hapo na kikombe, umeniangalia vile huniangaliaga. Ningekuambia aje kwa uso?"

Nilikitazama kile kisahani. Kwenye sufuria kulikuwa na mapaja, kulikuwa na kidari, vipande ambavyo mtu mwenye njaa angevifurahia. Alikuwa ameviacha vyote akachagua hiki. Alimchinja kuku mzima ili afikie hiki. Kama kweli jambo langu lilikuwa dogo, la kununa tu, la mtoto aliyekosa peremende, angenipakulia paja tukaongea mambo mengine. Aliniletea firigisi kwa sababu alijua ni kubwa ya kutosha kuomba msamaha wa mtu mzima. Alijua hivyo leo, na alijua hivyo siku aliposimama mbele ya wale watu akavuta pumzi.

Ningeweza kuila. Nilikuwa na njaa, na hakuna mtu mwingine aliyebaki duniani wa kunipa. Nilifikiri hata ladha yake. Nikafikiri na ua wetu wa michongoma, na tundu lake, ambalo mama aliniambia limeziba siku nyingi kwa kuwa hakuna watoto wa kulipitia.

Nikasukuma kisahani taratibu mpaka upande wake wa meza.

"Kula wewe," nikasema. "Mwenye nyumba ni wewe."

Nilisema kwa sauti ya kawaida. Nilijichunga sana. Nilisimama, nikarudisha kiti chake mahali pake, kazi yangu ni viti.

Akanifuata hadi mlangoni. "Jirani. Usiende hivyo."

"Hivyo vipi?" nikamuuliza.

Sikuwa namkejeli. Nilitaka kujua. Miaka yote hiyo nilikuwa nimempelekea maneno, naye hakuwahi kukosa, na sasa nilisimama kwenye kidato kile kile nikamngojea anitafutie moja, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kwa lugha ya kwetu, lolote analoona linanitosha, na kama anaweza anipe na mtu. Alifungua mdomo. Midomo ilianza kubana, kisha ikaachia.

Nikashuka. Nilipofika getini niligeuka mara moja. Alikuwa bado mlangoni, na kijiko cha kupakulia mkononi.